Baba Kwenye Mizani

Sogeeni karibu, wanangu. Na nyinyi wavulana mliojibanza kule nyuma, sogeeni zaidi, maana hadithi hii ni yenu kuliko mnavyodhani.

Asubuhi za Kasulu zina baridi. Ukungu hulala juu ya migomba mpaka jua lipande, na vijana wa bodaboda huanza kazi na makoti mazito yaliyofungwa hadi shingoni. Katika asubuhi ya namna hiyo, kwenye baraza la zahanati moja ya kijiji, akina mama wamekaa kwenye benchi, watoto migongoni. Mizani imening'inizwa kwenye boriti. Mnaijua: ile ya duara yenye mshale kama wa saa, chini yake ndoano. Mtoto anavalishwa kaptula ndogo ya kitambaa yenye kamba ndefu, kamba zinatundikwa kwenye ndoano, miguu inaning'inia hewani, analia, mshale unacheza.

Kwenye foleni ile yumo mwanamume mmoja tu. Ana miaka 20. Begani ana kanga, mkononi kadi ya kliniki, kifuani mtoto wa miezi minne. Akina mama wawili wanacheka huku wameziba midomo kwa viganja. Zamu yake inapofika anaishika ile kaptula, anaigeuza, anaigeuza tena. Hajui mbele ni wapi na nyuma ni wapi.

Kijana huyu simtaji jina. Nimemfinyanga kutokana na vijana wengi, na yaliyompata huwapata vijana kila msimu, Kasulu na Kibondo. Lakini sheria, miaka na hesabu nitakazowatajia si za kutunga.

Kabla hatujarudi kwenye mizani, niwaulize: yule kijana angejifunza wapi? Kwenye vituo vingi vya afya nchini utasikia ikiitwa kliniki ya baba, mama na mtoto. Baba katajwa wa kwanza. Lakini nenda ukahesabu walioketi kwenye benchi.

Sababu moja ni ya zamani. Wakati wa ukoloni nchi ya Waha, wenyeji wa Kasulu na Kibondo, haikujengewa mashamba makubwa wala viwanda. Iliachwa iwe chimbuko la vibarua. Kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuwepo kijijini, kwa hiyo wanaume wakaondoka kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kukusanya vibarua, kikiitwa SILABU. Kila kibarua alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Wengine walirudi baada ya mwaka au miaka miwili, wengine hawakurudi. Huku nyuma mama na bibi wakalima, wakalea, wakazika. Ubaba ukawa kitu kinachotumwa kwa posta, bahasha ikifika.

Sisemi manamba ndio chanzo cha kila kosa la mwanamume wa leo. Nasema kwamba mtoto wa kiume hujifunza ubaba kwa kumtazama baba, na kwa vizazi kadhaa wengi wetu tulitazama mlango aliotokea. Leo enzi ya manamba imekwisha, lakini njia za kuondokea zimeongezeka. Kuna mashamba ya tumbaku Tabora, machimbo ya dhahabu Geita, na barabara inayotoka Kasulu kupita Kibondo hadi Nyakanazi, ambako malori hayalali. Kuna masoko ya ujirani mwema mpakani na Burundi. Kumekuwa na kambi za wakimbizi: Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo, na Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokimbilia kwetu. Humo pia wamepita wavulana waliokua bila baba wa kumtazama. Kijana akitaka kupotea, njia anazo.

Kijana wetu alipotea hivi.

Alikuwa na pikipiki ya mkataba, ile ya kumpelekea mwenye mali hesabu kila jioni. Kijiweni, chini ya mti mbele ya duka la simu, ndipo alipopata elimu yake ya uzazi. Mwalimu alikuwa mwenzake aliyemzidi miaka mitatu. Mtaala ulikuwa huu: mara ya kwanza haishiki, msichana akisimama upesi na kurukaruka, inatoka, ukihesabu siku huwezi kukosea. Na juu ya yote, mwanamke ni wa kuambiwa, si wa kuulizwa. Hilo la mwisho walilitaja kuwa mila ya Waha, na hakuna aliyewakumbusha kwamba Heru, hapo hapo Kasulu, iliwahi kutawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyekaa pia kwenye Baraza la Kutunga Sheria enzi za ukoloni.

Msichana alikuwa na miaka 18, amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Walipendana, au waliona hivyo. Miezi mitatu baadaye msichana alimfuata sokoni, akasimama kando ya magunia ya maharage, akamwambia.

Kijana akajibu kwa maneno manne: "Una uhakika ni yangu?"

Nataka mkae na maneno hayo kidogo, wanangu. Yeye mwenyewe alijua jibu. Aliuliza ili apate mahali pa kujificha. Msichana hakulia. Aliokota punje ya maharage iliyodondoka, akairudisha kwenye gunia la watu, akaondoka. Wiki ile ile kijana aliirudisha pikipiki kwa mwenyewe, akapanda lori la tumbaku kuelekea Kaliua.

Sasa nisimamishe hadithi niwaambie ambayo kijiwe hakikumwambia.

Mara ya kwanza inashika. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5 zikilisubiri yai, na kurukaruka hakuzitoi. Kuhesabu siku kunawahadaa hata watu wazima, na kwa wasichana wadogo mzunguko bado haujatulia: mwezi huu siku 26, ujao 35. Msichana anaweza hata kushika mimba kabla hajaona hedhi yake ya kwanza, kwa kuwa yai hutangulia. Kinachozuia ni kusubiri, au kinga. Kondomu inazuia mimba na magonjwa kwa pamoja, na kwenye vituo vya afya vyenye huduma rafiki kwa vijana, mhudumu amefundishwa kukujibu bila kukufokea.

Msichana wa miaka 14 au 15 anaweza kushika mimba wakati nyonga zake bado hazijamaliza kukua. Siku ya kujifungua mtoto anakwama, na hospitali ikiwa mbali, uchungu unakwenda siku mbili. Mtoto anaweza kufa. Mama naye, akipona, anaweza kubaki na fistula, yaani tundu linalofanya mkojo utoke wenyewe usiku na mchana mpaka afanyiwe upasuaji. Mara nyingi huyo ni msichana aliyekuwa akiruka kamba mwaka jana.

Wako wangapi? Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, kati ya kila wasichana 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wameshazaa au walishawahi kubeba mimba. Utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta 27. Hesabu inashuka, nami nafurahi. Lakini chukueni darasa la wasichana 50 mkawaondoe 11. Yatazameni madawati.

Na sheria, isikilizeni vizuri, hasa nyinyi mnaokaribia miaka 18 au mliokwisha kuipita. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016: anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari kifungo chake ni miaka 30. Kumuoa hakukuokoi, kwa sababu kumuoa mwanafunzi nako ni kosa lenye kifungo hicho hicho. Na tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kulala na msichana wa chini ya miaka 18 kunahesabiwa kuwa ubakaji hata kama alikubali. Hata kama alikufuata yeye. Hata kama mlipendana tangu darasa la tano.

Msichana wa hadithi yetu alikuwa ametimiza 18 na shule amemaliza, ndiyo maana kijana wetu hakufikishwa mahakamani. Wasichana wengi wanaopewa mimba hawapo katika hali hiyo. Nami jambo linaloniuma kuliko yote ni lile la kumalizana nyumbani. Mzazi wa mvulana anakuja na mbuzi na maneno matamu, mzazi wa msichana anapokea, mtendaji anaambiwa hakuna kesi. Mbuzi analiwa wiki hiyo hiyo. Msichana anabaki na mimba, na mvulana anabaki na fundisho kwamba mtoto wa mtu ana bei. Kama umeona au umesikia, lipo dawati la jinsia na watoto polisi, yupo ofisa ustawi wa jamii wilayani.

Sheria hii ni kali, na mimi naiunga mkono, kwani ni ukuta wa msichana. Lakini ukuta haumfundishi mvulana kitu. Unamwambia asiguse. Haumwambii afanye nini na mwili wake unaobadilika, amjibu nini rafiki anayemcheka, amtazame vipi msichana kama mtu. Kwa hilo anahitajika mtu mzima.

Basi turudi Kasulu.

Tumbaku ilivunwa, msimu ukaisha, kijana akarudi usiku. Kesho yake baiskeli ya mama yake ikapinda gurudumu la nyuma, akaipeleka kwa fundi. Fundi yule ni mzee wa makamo, kibanda chake kipo njia panda, na ni mmoja wa wanaume waliochaguliwa na kijiji kuwa walezi wa vijana. Jumamosi jioni huwa na wavulana kumi hivi kwenye magogo mbele ya kibanda. Siku nyingine ni yeye na spana zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi. Kaa."

Hakuuliza kingine. Aliigeuza ile baiskeli miguu juu, akalizungusha gurudumu, na rimu ikawa inayumba, inagusa breki, inaachia. Kijana akanyanyuka achukue nyundo. Mzee akamshika mkono.

"Hapana. Rimu hainyooshwi kwa nyundo. Shika spana hii. Spoku za huku zimelegea, za kule zimekaza mno. Kaza hii robo ya mzunguko. Legeza ile. Zungusha, tazama. Tena."

Wakakaa saa nzima. Robo, zungusha, tazama. Katikati ya kazi, macho yake yakiwa kwenye rimu, mzee akasema, "Nimemwona binti wa watu akichota maji. Tumbo limekuwa kubwa. Ndoo anabeba mwenyewe."

Kijana akanyamaza.

"Mimi wa kwanza wangu nilimkana," mzee akaendelea. "Ana miaka 31 sasa. Anaishi Kibondo. Tukikutana ananiamkia vizuri sana, kama anavyomwamkia mtu yeyote barabarani. Kaza hiyo ya kushoto."

Hivi ndivyo mlezi anavyofanya kazi, wanangu, na ndiyo maana nimewachelewesha kwenye gurudumu. Hakumhubiria. Alimweleza kosa lake mwenyewe, akampa nafasi, akaendelea kukaza spoku. Wiki zilizofuata kijana alikuwa akirudi hata baiskeli ikiwa nzima. Akawa anamwona mzee akioga mapema amsaidie mkewe kumenya mihogo, akimsikia akimuuliza, "Mama, tuuze maharage sasa au tungoje bei?" na kungoja jibu. Mambo madogo, lakini kijana alikuwa hajawahi kuyaona kwa mwanamume.

Si Kasulu peke yake. Kaskazini mwa Uganda, huko Amuru, vita viliwaingiza watu makambini na wavulana wakakua bila kuona nyumba yenye amani. Kuanzia mwaka 2013 akina baba wa miaka 16 hadi 25 walipewa walezi kutoka vijiji vyao. Walezi waliwatembelea majumbani, wakakaa nao kwa vikundi, picha zikabandikwa kijijini za baba akimbeba mtoto, na mwishoni jamii nzima ikakusanyika kuwashangilia. Walipochunguzwa baadaye, waliopitia malezi yale walikuwa wakiwapiga wake zao na watoto wao kwa nadra kuliko wengine.

Rwanda, ambako lugha yao ni ndugu wa Kiha, mpango kama huo uliitwa Bandebereho, maana yake mtu wa kuigwa. Wanaume walikutana mara 15, baadhi ya mikutano wakiwa na wenzi wao, wakazungumza mimba, fedha, hasira na kulea. Utafiti wa familia karibu 1,200 uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika familia zisizoshiriki, wanawake 57 kati ya 100 walisema wamepigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia. Katika zilizoshiriki walikuwa 33. Thelathini na watatu bado ni wengi mno. Lakini tofauti ile ya 24 ilipatikana bila polisi kugonga mlango; ilipatikana kwa wanaume kuketi na kusema ukweli mbele ya wanaume wenzao.

Na sasa Kasulu na Kibondo kuna mradi wa Wezesha Binti, unaoendeshwa na serikali yetu pamoja na Ubelgiji kupitia shirika lake la Enabel, kwa ajili ya wasichana: shule, usalama wao, kipato chao. Jina lake ni la binti, na ni sawa. Ila binti huyo anaporudi nyumbani jioni hukutana njiani na mvulana. Huyo mvulana naye lazima awe na mtu wa kukaa naye kwenye gogo.

Siku moja kijana akasema, "Mzee, nipeleke kwao."

Walikwenda wawili, kwa miguu. Walipofika wakapiga makofi ya salamu, ile salamu ndefu ya Waha ya viganja vilivyokutana, na hakuna aliyeikatisha. Kijana akasema mwenyewe: mimba ni yangu, nilikana, nilikimbia. Mama wa msichana akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sikuozeshi mwanangu kwa sababu umekumbuka," akasema. "Yeye ana mipango yake. Mtoto ni wako; hilo ndilo la kuanzia."

Alikuwa na haki, na sheria ipo upande wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimuulizi baba kama ameoa. Inamdai chakula cha mtoto, mavazi, malazi, matibabu, elimu. Kijana akaanza na ndoo za maji. Akaenda na msichana kliniki, wakapima pamoja virusi vya UKIMWI, akafundishwa dalili za hatari: kutokwa damu, uso kuvimba, kichwa kuuma sana, degedege. Akaweka akiba ya nauli ya usiku kwenye kopo la maziwa, ili uchungu ukianza asikimbilie kukopa. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na mhudumu mara 8. Alizifikia tano za mwisho.

Msichana sasa anasoma ushonaji kwenye chuo cha maendeleo ya wananchi, asubuhi. Angekuwa bado shuleni alipopata mimba, angeweza pia kurudi darasani. Mlango huo ulifunguliwa Novemba 2021, na aliyeutangaza ni Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa pia mbunge wa Kasulu Mjini. Lakini kurudi darasani ni jambo moja, na nani anabaki na mtoto ni jambo jingine. Mlango ukiwa wazi na hakuna wa kumshika mtoto, bado umefungwa.

Ndiyo maana asubuhi ile kijana yupo kwenye baraza la zahanati. Ndani ya mfuko ana kikombe chenye mfuniko, maziwa ya mama aliyoyakamua alfajiri. Yule mama aliyekuwa akicheka ananyanyuka, anamwonyesha: kifungo huwa mbele, miguu ipite hapa. Mtoto anatundikwa. Analia. Kijana anaweka kiganja chini ya nyayo zake bila kuzigusa, kwa hofu kamba zisikatike. Mshale unacheza, unatulia. Muuguzi anasoma: kilo 6 na gramu 200. Anatia nukta kwenye kadi, na nukta imepanda juu ya ile ya mwezi uliopita.

"Samahani dada," anasema kijana, "nisomee tena."

Jumamosi jioni, kwenye kibanda cha fundi, magogo yamejaa. Amefika mvulana wa miaka 16, tairi lake limepata pancha, naye anataka kuzibiwa upesi maana kuna mtu anamngoja barabarani. Mzee yuko ndani anatafuta gundi. Mvulana anainama kwa baba wa mtoto na kunong'ona, "Kaka, eti ni kweli mara ya kwanza haishiki?"

Kijana anasogea pembeni, anafuta vumbi kwenye gogo kwa kiganja.